Nywele za Arubaini

Kwetu Wingwi nywele hazitupwi. Ukichana kichwa unakusanya zilizobaki kwenye kitana, unazisokota, unazichimbia au unazisukumia kwenye ufa wa ukuta. Kucha vivyo hivyo. Nilimwona mama yangu akifanya hivyo, naye alimwona mama yake, na hakuna aliyekaa kitako akanieleza sababu. Unaambiwa tu kwamba nywele zako zikiokotwa, umeokotwa weye. Basi. Ukiuliza zaidi unaulizwa na weye, "Kwani wataka kujua ili ufanye nini?" Na hapo unageuka kuwa ndiye wa kutazamwa.

Nayaweka haya mbele kwa sababu anayesoma huenda si wa kwetu, akaja kusema huyu bibi kizee kagombana na mke wa mwanawe kwa ajili ya nywele. Naam, kwa ajili ya nywele. Tena si za kichwa cha mtu mzima. Za mtoto wa arubaini, ambazo ukizikusanya zote hazijai kiganja.

Kuandika nimejifunza ukubwani. Baada ya Mapinduzi kilikuja kisomo cha watu wazima, tukawekwa alasiri kwenye banda la skuli, waume mbele na siye wanawake nyuma, na mwalimu kijana mwenye kuona haya kutusahihisha. Nikafika kwenye kusoma gazeti na kuandika barua. Kisha karafuu zikaiva, tukaenda kuchuma, na tuliporudi mwalimu hayupo. Elimu yangu ilikomea hapo. Kwa hiyo ukiona nukta imekaa pasipo pake, mlaumu yule mwalimu, au zilaumu karafuu.

Mwanangu wa mwisho anafanya kazi bandarini Wete. Alipotaka kuoa alioa Unguja, binti wa mjini hasa. Sikupinga. Nilimuuliza swali moja tu, kwani Pemba wameisha? Akacheka, akanibusu mkono, akaenda kuoa. Binti mwenyewe, niseme la haki, alikuja na adabu zake. Akikuamkia anainama. Akizungumza unajua papo hapo si wa huku, maneno yamenyooka kama yametoka kupigwa pasi. Alikuwa na shahada tayari na anasomea ya pili, ya sayansi. Hili nalo lilinitia shaka. Mie nilidhani shahada ni kama udhu, ukishatia mmoja unatosha mpaka utenguke. Nikajiuliza huyu ya kwanza imemtenguka wapi.

Masomo yake yalikuwa juu ya samaki na wanaokula samaki. Mwanangu alinieleza, maana yeye binti akianza kueleza mie nilikuwa namtazama usoni tu nisisikie kitu. Alisema kuna sumu inaitwa zebaki, inaingia baharini, samaki mdogo anaila, mkubwa anamla mdogo, na kila samaki anavyokuwa mkubwa ndivyo anavyokusanya nyingi, mwisho inaishia kwetu walaji. Na mtu aliyeila huwezi kumjua kwa kumtazama. Unamjua kwa kupima nywele zake.

Nywele. Katika vyote alivyoumba Mungu mwilini mwa mtu.

Basi mkazamwanangu akahamia kwangu Wingwi, kwa sababu vijiji alivyotakiwa kuvipima vilikuwa vya pande zetu, na mwanangu akawa anarudi jioni kwa pikipiki kutoka Wete. Kila asubuhi binti huyo anajifunga buibui, anachukua mkoba wake mweusi wenye mkasi na vimfuko vya nailoni, anapita nyumba kwa nyumba. Alikuwa na karatasi ya chuo ambayo lazima aisome kabla hajamwomba mtu chochote. Niliisikia mara nyingi hata leo naweza kuisema. Inasema nywele zako zitatunzwa mahali salama, zitafungiwa kwa kufuli, na zitapewa namba badala ya jina lako.

Wanawake walimsikiliza. Wakampa chai, wakampa na mkate wa kumimina, na kila mmoja akawa na udhuru wake. Huyu mumewe hayupo. Huyu yumo edani. Huyu kanyoa jana, ukimwambia afunue mtandio mvi zinachungulia. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, ambaye ni shoga yangu tangu tuko wari, na ulimi wake hauna kifuniko, ndiye aliyemwambia waziwazi.

"Binti yangu, nywele zangu zikafungiwe kwa kufuli Unguja? Mie mwenyewe marehemu mume wangu hakuweza kunifungia."

Watu walicheka, na yeye binti akacheka nao, lakini aliporudi nyumbani nilimwona amekaa kwenye kibao cha mbuzi, hakuni nazi, hafanyi kitu, mkoba uko miguuni na vimfuko vyote vitupu. Mwanangu aliniambia chuo kinampa muda, na muda ukiisha bila nywele za kutosha basi shahada nayo inakwisha. Aliomba nimsaidie, niseme na wanawake wenzangu. Nikamwambia inshallah. Na siye tukisema inshallah kwa sauti ile, mwenye akili anajua.

Kwa nini nisimshuku? Hebu weye tazama. Mtu anakuja kutoka ng'ambo, anataka nywele za watu, jina lako halitaki, namba anataka, na anaahidi kuzifungia kwa kufuli zisipotee. Huko utotoni kwetu tulifundishwa kumwogopa mtu kama huyo hata kabla hatujafundishwa alifu na be. Tofauti ni kwamba wale wa zamani hawakuwa na karatasi.

Kisha akapata mimba, na hapo yakaja ya chungu.

Mie napika papa. Sijisifu, lakini waulize. Ng'onda wa papa, yule aliyekaushwa vizuri akatoa harufu yake, namroweka, namchambua, namtia tui zito na bizari na pilipili mbichi. Mwanangu kakulia hicho. Mkazamwanangu naye alipofika alikuwa akikila mpaka analamba vidole, akisema Unguja hawakijui. Mimba ilipoingia, akaacha. Mwanzo alisema kiungulia. Nikakubali, mimba ina mambo yake, mie wa kwanza nilikuwa sitaki kusikia harufu ya sabuni. Kisha nikamwona anajipikia dagaa wake pembeni, kwa sufuria yake, anakula na kushiba, na kiungulia hakimwoni.

Nikamtega. Siku moja nilipika muhogo wa nazi bila samaki. Akala, akaongeza. Siku ya pili yake nikapika muhogo uleule na papa. Akatia kijiko, akazungusha, akasema ameshiba.

Kwetu mke wa mwanao akiacha kula chungu chako, mambo ni mawili. Ama kasikia jambo juu yako, ama ana jambo lake yeye. Nilijipima nikajiona sina jambo. Shoga yangu nilipomsimulia alitia mafuta.

"Waunguja wanatuogopa, shoga. Wanasema siye wote huku tuna jini wetu chini ya kitanda. Kakaa na weye, kakutazama, kaona unafaa kuogopwa."

"Na yeye anayeomba nywele tumwiteje?"

"Ndiyo hayo. Kikulacho ki nguoni mwako."

Mtoto alizaliwa salama, wa kiume, mdogo lakini ana sauti. Wengine hunyoa siku ya saba, ndiyo sunna, ila huyu alikuja na udhaifu wake na manjano machoni, tukasema tungoje arubaini mama anapotoka ndani. Mungu ni mwenye kusamehe. Siku ya arubaini watu walijaa, yakasomwa maulidi, pakapikwa wali wa nazi, na kunyoa nikanyoa mwenyewe. Sikumwachia mtu wembe. Nilimlaza mjukuu wangu mapajani, nikamlowesha kichwa maji ya vuguvugu, nikazishusha zile nywele za tumboni taratibu, laini kama sufi, na kila zinapodondoka nazipokea kwa kitambaa cheupe. Zote nikazitia kwenye kifuu, nikakifunika kwa kifuu chenziwe.

Nywele hizi huzikwa chini ya mche wa mnazi, na anayezizika huzizika peke yake. Hapaonwi. Sasa siku ile watu walikuwa wengi, kila pembe ya uwanja ina mtu, watoto wanakimbizana mpaka kwenye mche wenyewe niliouandaa. Nikaona nisubiri asubuhi. Nikakisukuma kifuu mvunguni, chumbani kwa mkazamwanangu, kwa sababu chumba cha mzazi ndicho ambacho wageni hawaingii ovyo. Hapo ndipo nilipojifunga kamba mwenyewe.

Nilipozitia, zilikuwa kiasi cha ndimu. Asubuhi, baada ya kusali, nilipokifunua kifuu zilikuwa kiasi cha popoo ya tambuu.

Nilisimama nacho mkononi. Jogoo wa jirani alikuwa anawika, maana yule hajui saa, anawika mpaka mchana, tumemshauri amchinje hataki. Nikarudi kuchungulia mvunguni, labda zimemwagika. Hakuna. Kifuniko kilikuwa mahali pake, kimekaa vizuri kuliko nilivyokiweka. Panya hafuniki.

Sikupiga kelele. Mtu akikuchukulia kitu kama kile hupigi kelele, kwa sababu akijua umejua, ataharakisha kukitumia. Unanyamaza, unamtazama. Nikazika zilizobaki, nikarudi, nikampa mkazamwanangu uji wa pilipili manga kama kawaida. Akaupokea akasema ahsante mama, na hakunitazama machoni. Nikasema moyoni, haya.

Kabla sijajua la kufanya, akaondoka. Alikuwa amepanga zamani kwenda Unguja kumwonesha mtoto kwao na kushughulika na mambo ya chuo, na siku ikafika, akapanda na mtoto wake na mkoba wake mweusi. Mjukuu wangu kavuka maji na nywele zake zimevuka maji, na sijui ziko mkono wa nani. Nilipitisha siku hizo nikiwa hata kufua sitaki. Simu nikipigiwa, jambo la kwanza nasikiliza kama mtoto analia. Akilia, nasema hiyo ndiyo yenyewe imeanza. Asipolia, nasema mbona kimya. Mwanangu akaniona.

Nikamweleza yote. Akataka kucheka, kisha akaniangalia vizuri, hakucheka. Akasema mama, huenda umekosea kukadiria. Nikamwambia mie nimepima karafuu kwa pishi tangu sijavunja ungo, popoo na ndimu nazitambua. Nikamwambia na la mwisho, nalo nililisema polepole ili alisikie.

"Nkeo akirudi, nitamuuliza mara moja. Ama nywele zirudi, ama yeye arudi kwao. Na ntoto abaki hapa."

"Mama, ni mke wangu."

"Na mie ni nani?"

Mwanangu si mtu wa kujibu, baba yake alikuwa hivyohivyo, ukigombana naye ni kama unapiga teke magunia ya mchele. Lakini alikosa kula usiku ule, na nilijua ananijua kwamba sisemi kwa utani.

Akarudi. Mwanangu alikwenda kuwapokea Wete, na mpaka leo sijui njiani alimwambia nini, nadhani hakumwambia kitu, alimwogopa yeye kama alivyoniogopa mie. Nilimwacha aingie, atue, aamkie. Nikampokea mtoto, nikamtazama kichwa, macho, nyayo. Mzima, kanenepa. Nikampa mama yake maji. Alipomaliza kunywa nikamwekea mbele kile kifuu, kitupu.

"Hiki wakijua?"

Akakitazama. "Nakijua, mama."

"Kilikuwa na nini?"

"Nywele za mwanangu."

"Za mjukuu wangu. Nilitia kiasi hiki, nikakuta kiasi hiki. Ziko wapi?"

Mwanangu alikuwa kasimama mlangoni na viatu vya mkewe mkononi, hajui aviweke wapi.

"Hazipo," akasema.

"Sikukuuliza kama zipo. Nimekuuliza ziko wapi."

"Mama, hazipo popote." Akakisogeza kifuu kando. "Nilizitia tindikali zikayeyuka. Zikawa maji. Yale maji yakapimwa, yakamwagwa kwenye pipa la sumu. Hata mimi mwenyewe sina. Ukinifukuza nifukuze, lakini siwezi kukurudishia, hazipo duniani."

Akafunika uso kwa pindo la mtandio. Alikuwa akingoja nisimame, nimtolee begi lake nje, na mwanangu pale mlangoni alikuwa akingoja hivyohivyo.

Mie nilikuwa nimeshikwa na neno moja.

"Hazikubaki hata kidogo?"

"Hata unywele mmoja."

"Nani alizishika?"

"Mimi. Kwa kibano. Sikumpa mtu."

"Na hizo unazowaomba wanawake? Zile za kufuli?"

"Nazo zinayeyushwa, mama. Zote. Zinafungiwa mpaka siku ya kupimwa tu, ili zisichanganyike."

"Kwa hiyo haibaki kitu cha ntu kukishika."

"Haibaki kitu."

Wallahi nilihisi kama nimetuliwa mzigo wa kuni. Kitu gani tunachokiogopa siye? Tunaogopa kubaki. Tunaogopa nywele zikae mahali, ziwe za mtu, zitolewe siku anayotaka yeye. Zikiungua, zikizama, zikioza chini ya mnazi, zimekwisha, hazina mwenyewe. Na binti huyu wa watu alikuwa anazunguka kijiji kizima anawaahidi wanawake kwamba nywele zao zitatunzwa. Kwa kufuli! Lile alilodhani litawatuliza ndilo lililowafukuza, na lile alilolificha, akidhani tutasema kaunguza kichwa cha mtoto kwa tindikali, ndilo tulilokuwa tunalitaka.

Sikumwambia hayo palepale. Mie si wa kuamini neno tupu. Nilimwambia atie udhu, nikaushusha msahafu kutoka rafuni, nikamwambia aweke mkono aseme tena. Mwanangu akasema mama, imetosha. Nikamwambia weye viweke hivyo viatu. Akatia udhu, akaweka mkono, akasema. Basi.

Likabaki la pili. Kwa nini za mtoto wake mwenyewe?

Akasema kwamba ile miezi ya mwanzo, kabla hajajua kama ana mimba, alikula papa sana, na papa ndiye samaki ambaye masomo yake yanamwogopa kuliko wote, kwa sababu ni mkubwa na anakula wengine. Alipojua ana mimba akaacha, lakini akawa halali, anawaza keshamlisha nini mtoto tumboni. Na nywele za tumboni ndizo zinazosema, hizo tu, ukizikosa hizo huna pa kuuliza tena. Aliniona nazikusanya kwenye kitambaa akajua kesho nitazificha. Akaona haya kuomba. Akachukua.

"Kwa hiyo ulikuwa ukikishuku chungu changu," nikasema.

"Sikukishuku chungu, mama. Wala sikukushuku wewe. Nilimshuku papa."

"Na mie sikukushuku weye," nikamwambia. "Nilikuwa nikiushuku nkoba."

Mwanangu ndiye aliyecheka wa kwanza, akavitupa vile viatu. Mie nilichelewa kidogo kucheka, kwa kuwa nilichosema hakikuwa kweli tupu, na yeye alijua.

Jibu la nywele lilikuwa jema. Alisema sumu ipo lakini ni ndogo, iko chini ya kile kipimo wanachokiogopa. Nikamuuliza hicho kipimo kakiweka nani. Akasema wataalamu. Nikamuuliza wanakula papa? Akasema hajui. Hapo ndipo nilipoona hata shahada ya pili ina mwisho wake.

Siku iliyofuata nilimweleza shoga yangu kwa kupitia ukutani, na kumweleza yeye ni sawa na kupanda juu ya mnara. Kabla ya adhuhuri kijiji kizima kilikuwa kinajua kwamba nywele zinatiwa dawa zinayeyuka zinakuwa maji. Mkazamwanangu akatoka na mkoba wake. Karatasi ya chuo aliisoma vilevile kama ilivyoandikwa, maana ndiyo sharti, lakini alitanguliza maneno yake kwanza, kwamba hazitabaki. Wanawake wakauliza, kabisa? Kabisa. Na maji yake? Yanamwagwa. Wengine wakanitazama mie, niliyekuwa nimekwenda naye na kukaa kibarazani, na mie nikatikisa kichwa kuwa ndivyo. Shoga yangu alivua mtandio papo hapo.

"Kama zayeyuka chukua na mvi zote, zimenichosha. Na ukiweza yeyusha na jogoo."

Alipata nywele. Si nyumba zote, wapo waliokataa mpaka mwisho na sikuwalaumu, lakini alipata za kumtosha. Vimfuko vikajaa.

Sasa usidhani kwamba siku ile ndiyo shaka ilikwisha. Shaka ni kama mdudu wa mbao, hata ukipaka rangi bado unamsikia anakwaruza. Alipolazimika kwenda tena Unguja kwenye ile maabara yao, mtoto tayari anakaa na anakula uji, akaniachia mie. Alimwacha akilia yeye kuliko mtoto. Mie nikajiuliza, mama gani anayemwacha mtoto wake kwa ajili ya chupa za maji ya nywele? Nikamsema kidogo kwa shoga yangu. Kisha asubuhi moja nikiwa nampa mtoto uji, kijiko kikagonga kitu. Jino.

Hili nalo kwetu lina mambo yake. Jino la kwanza likitoka chini ni heri. Likitoka juu, mtoto ni kigego, na zamani walikuwa na maneno yao juu ya kigego ambayo sitayaandika. Nikamwinamisha mtoto kwenye mwanga wa mlango nikatazama. La chini. Nikashukuru, nikamtafuta mwenye simu anipigie Unguja. Mkazamwanangu akapokea, nyuma yake nasikia mashine zinavuma. Nikamwambia mwanao katoa jino.

Akauliza, kwa sauti ndogo, kama mtu asiyetaka wenzake wamsikie.

"La juu au la chini, mama?"

Nikamwachia kidogo asubiri. Nilistahiki. "La chini," nikasema.

"Alhamdulillah," akasema, na nikamsikia anavuta kamasi. Mtu wa sayansi huyo, kazungukwa na mashine. Tangu siku ile nilimhesabu ni wetu, Unguja au si Unguja. Angalau kwa yale ya meno.

Shahada aliipata. Sikwenda, bahari hunitapisha, ila nilioneshwa picha kwenye simu, kavaa joho na kofia bapa yenye kishada, kambeba mtoto, na mtoto anakitafuna kishada. Nikauliza ile kofia ni yake au ya kuazima. Ya kuazima, wakasema. Nikasema basi hakikisheni hazikubaki nywele ndani yake.

Papa bado napika. Akiwa na mimba simpi, nampa tasi na dagaa, na chungu chake nakitenga mwenyewe ili asione haya. Na mwaka aliozaa wa pili, msichana huyo, mwenye nywele nyingi kama mama yangu, arubaini ilipofika nilimnyoa vilevile mapajani kwangu. Mkazamwanangu alikaa karibu, kauficha mkoba nyuma ya mgongo wake kama mtoto aliyeficha kashata. Nilipomaliza nikamega kidogo, kiasi cha popoo, nikamtilia kwenye kimfuko chake mwenyewe.

"Hizi za kuyeyusha," nikamwambia.

"Ahsante, mama."

"Zote."

"Zote, mama."

Zilizobaki nilizifunga kwenye pindo la kanga yangu, na safari hii hazikulala mvunguni kwa mtu. Nikatoka nazo. Alipoinuka kama anataka kunifuata, nikamtazama, akarudi akakaa. Pale nilipozizika yeye hapajui, mwanangu hapajui, shoga yangu kajaribu kunihoji mpaka kachoka. Wala hapa sipaandiki.